Haki za Msingi: Vazi la Kuazima au Nguo Yetu Wenyewe?

(Ifuatayo ni mada iliyotolewa mbele ya semina ya walimu na watumishi wa Serikali. Imefupishwa kidogo.)



Nimeombwa nizungumzie namna katiba za nchi za kigeni na sheria ya kimataifa zinavyoathiri haki za msingi za raia katika nchi yetu. Huenda wengine wakadhani hili ni somo la mawakili na majaji, na kwamba sisi wa chaki na mafaili halituhusu. Naomba mnivumilie, maana nakusudia kuonyesha kwamba linatuhusu sisi kabla halijawahusu wao. Mwananchi haanzi kufika mahakamani. Anaanza kufika mlangoni kwetu.

Yapo maneno tunayoyasikia mara kwa mara, maofisini na katika vyumba vya walimu, kwamba haki za binadamu ni mambo ya wageni. Nimechunguza na nimeona kwamba maneno hayo husemwa hasa pale mnyonge anapodai kitu ambacho hatupendi kumpa. Kwa upande wa pili wapo ndugu zetu wanaoamini kwamba lolote lililoandikwa Geneva au New York ni sahihi kwa sababu tu limeandikwa huko. Maoni yangu ni kwamba makundi yote mawili yanakosea, na njia nzuri ya kulithibitisha hilo ni kuifuata historia yetu wenyewe hatua kwa hatua.

Tulianza kuitumia kabla ya kuwa na katiba

Mwaka 1789 Wafaransa walitoa tangazo lao la haki za binadamu na za raia. Mwaka 1791 Wamarekani waliongeza katika katiba yao yale marekebisho kumi yanayolinda uhuru wa mtu. Watu wote husema kwamba huko ndiko zilikoanza hati za haki za siku hizi. Lakini tusisahau kwamba wakati maneno hayo yanaandikwa, Marekani ilikuwa na watumwa, na Ufaransa ilikuwa na watumwa katika makoloni yake. Watumwa wa Saint-Domingue waliasi mwaka 1791, wakadai kwamba uhuru unaotangazwa Paris ni wao pia, na mwaka 1804 wakaunda taifa la Haiti. Kwa hiyo, tangu mwanzo, maana ya haki hizo haikuamuliwa na walioziandika peke yao. Iliamuliwa pia na wale walionyimwa.

Tangazo la Dunia la Haki za Binadamu lilipitishwa tarehe 10 Desemba, 1948. Umoja wa Mataifa ulikuwa na nchi 58. Nchi 48 ziliunga mkono na 8 hazikupiga kura upande wowote, mojawapo ikiwa ni Afrika Kusini, ambayo mwaka huo huo ilikuwa imeingia katika utawala wa ubaguzi wa rangi. Nchi za Afrika zilizokuwamo zilihesabika kwa vidole. Tanganyika haikuwamo, kwani ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, ikitawaliwa na Uingereza.

Hata hivyo, angalieni wananchi wa Tanganyika walifanya nini. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1945 ulisema kwamba nchi zilizo chini ya udhamini zielekezwe kwenye kujitawala, na kwamba heshima ya haki za binadamu ihimizwe humo. Aidha, uliwapa wenyeji nafasi ya kupeleka malalamiko yao. Mwishoni mwa mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Wameru walichanga fedha, na mwaka 1952 wakamtuma Ndugu Kirilo Japhet hadi New York kwenda kuwasemea. Hawakurudishiwa ardhi safari ile. Lakini kwa mara ya kwanza serikali ya kikoloni ililazimika kujibu mbele ya dunia kwa jambo ililomtendea mkulima wa Kitanganyika. Mwezi Machi, 1955, Mwalimu Nyerere alisimama mbele ya Baraza la Udhamini kwa niaba ya TANU, chama kilichokuwa hakijatimiza hata mwaka mmoja.

Anayesema kwamba sheria ya kimataifa ni mambo ya wageni inafaa akumbuke safari hizo mbili. Wazee wetu waliitumia sheria hiyo kama jembe la kazi, wala hawakuuliza limefuliwa wapi.

Kwa nini tulikataa mwaka 1961

Baada ya hapo ndipo ilipokuja Uhuru, na pamoja na Uhuru likaja suala la katiba. Mwaka 1950 nchi za Ulaya Magharibi zilikuwa zimetia saini mkataba wao wa haki za binadamu. Mwaka 1953 Uingereza iliueneza mkataba huo katika makoloni yake mengi, Kenya na Nigeria zikiwamo. Kitendo hicho kilikuwa na kinyume chake ndani yake, kwa kuwa wakati huo huo Kenya ilikuwa katika hali ya hatari na maelfu ya watu walikuwa makambini bila kuhukumiwa. Hata hivyo, masharti ya mkataba huo ndiyo yaliyofanywa kigezo cha hati ya haki katika Katiba ya Nigeria ya mwaka 1960, na kutoka Nigeria yakapelekwa katika katiba za Uhuru za Uganda, Kenya na makoloni mengine. Hati hizo zilifanana kama vitambaa vya jora moja.

Tanganyika ilikataa. Katiba ya mwaka 1961 haikuwa na hati ya haki, wala ile ya Jamhuri ya mwaka 1962. Haki zilitajwa katika utangulizi, ambao mahakama haikuweza kuutekeleza. Ni vizuri tuzieleze sababu za uamuzi huo kwa haki, kwa kuwa hazikuwa za kipuuzi. Viongozi walisema kwamba karibu majaji wote walikuwa wageni, na kwamba taifa changa lililokusudia kubadili maisha ya watu haliwezi kusimamishwa kila hatua na watu wasiojua hali yake. Walisema pia kwamba kinachomlinda raia kwa hakika ni imani ya taifa zima, wala si karatasi. Tume ya Rais iliyotayarisha mfumo wa chama kimoja ilirudia msimamo huo mwaka 1965.

Lakini historia ina pande mbili. Mwaka ule ule wa 1962 Bunge lilipitisha sheria ya kuweka watu kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Sheria za namna hiyo zilikuwa zimekwisha kutungwa India mwaka 1950 na Ghana mwaka 1958. Yaani tulipokataa hati ya haki kwa sababu ni ya kigeni, hatukukataa sheria ya kizuizini kwa sababu hiyo. Serikali huazima pia kamba ya kumfungia raia, na kamba haiulizwi pasipoti.

Kwa haki hiyo hiyo tuseme kwamba tuliazima pia jambo jema. Tangu mwaka 1809 Sweden ilikuwa na mtu maalumu wa kupokea malalamiko ya wananchi dhidi ya watendaji wa serikali, na mtindo huo ukaenea katika nchi jirani zake. Sisi tuliuchukua tukaugeuza kufuatana na hali yetu, na mwaka 1966 tukawa na Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, ya kwanza ya aina yake katika Afrika. Wajumbe wake walikwenda mikoani kusikiliza watu, kwa Kiswahili, bila ada na bila wakili. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2001, ndiyo mrithi wake.

Mwaka 1984

Mwaka 1983 Halmashauri Kuu ya Taifa ya Chama iliwapa wananchi mapendekezo ya kubadili Katiba wayajadili. Katika mjadala huo, Bara na Visiwani, lilijitokeza kwa nguvu dai la kuwa na hati ya haki ndani ya Katiba. Dai hilo halikutoka ubalozini. Lilitoka kwa wananchi, na Chama kililisikia. Sheria Namba 15 ya mwaka 1984 iliingiza haki na wajibu muhimu katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano. Zanzibar nayo ilipata haki hizo katika Katiba yake ya mwaka huo huo. Serikali ilipewa muda wa miaka mitatu kurekebisha sheria zake, na tangu Machi, 1988, mwananchi akaweza kwenda Mahakama Kuu kudai haki hizo.

Tuifungue sasa hati hiyo tuone nyuzi zake. Ibara ya 9 inalitaja Tangazo la Dunia kwa jina, na kuziagiza mamlaka zote za nchi kulinda heshima ya binadamu kwa kulifuata. Haki za uhai, usawa, uhuru wa mawazo na wa kukusanyika zinafanana na zile za mwaka 1948. Sehemu inayoeleza malengo muhimu na misingi ya mwelekeo wa shughuli za Serikali ina ukoo mrefu zaidi. Ireland iliweka sehemu ya namna hiyo katika Katiba yake ya mwaka 1937, India ikaichukua mwaka 1950, Nigeria ikaiweka mwaka 1979, nasi tukafuata. Kama ilivyo huko, mahakama haiwezi kumlazimisha mtu kuyatekeleza malengo hayo. Walimu walizingatie hili, kwa kuwa haki ya mtu kujielimisha, katika ibara ya 11, imo katika sehemu hiyo.

Kisha kuna nyuzi za Afrika. Mwaka 1981 wakuu wa nchi za OAU walipitisha, mjini Nairobi, Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Tanzania iliuridhia mwezi Februari, 1984, miezi michache tu kabla ya mabadiliko ya Katiba. Mkataba huo unataja wajibu wa mtu kwa jamii yake pamoja na haki zake. Katiba yetu nayo, katika ibara za 25 hadi 28, inataja wajibu wa kufanya kazi, kutii sheria, kulinda mali ya umma na kuilinda nchi. Hayo hamtayakuta katika yale marekebisho kumi ya Marekani. Ndiyo maana nasema kwamba vazi hili lilishonwa hapa, hata kama vitambaa vyake vingine vilitoka mbali.

Majaji walivyoitumia

Mikataba haigeuki kuwa sheria ya nchi mara tu inapotiwa saini. Ibara ya 63 inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba inayohitaji kuridhiwa, na baada ya hapo hutakiwa sheria ya kuitekeleza. Kwa mfano, Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na Sheria ya Mtoto ikatungwa mwaka 2009. Je, katika miaka yote hiyo katikati, mkataba ulikuwa ni karatasi tu? Majaji wetu walijibu kwamba hapana.

Nitatoa mfano wa wilaya ya Muleba. Mama mmoja alirithi shamba kwa wosia wa baba yake, na mwaka 1988 akaliuza. Siku iliyofuata ndugu wa ukoo alifungua shauri, akisema kwamba kwa mila za Kihaya, zilizoandikwa mwaka 1963, mwanamke anaweza kulitumia shamba la ukoo maisha yake yote lakini hana ruhusa ya kuliuza. Shauri lilifika Mahakama Kuu, Mwanza. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba kanuni hiyo inapingana na ibara ya 13 inayokataza ubaguzi. Alieleza kwamba nchi yetu imeridhia mikataba ya kimataifa inayokataza kumbagua mwanamke, na kwamba haiwezekani tuseme hivi mbele ya mataifa kisha tutende vile Muleba. Mama yule alishinda.

Mwaka 1991 Mahakama ya Rufani ilisikiliza shauri juu ya kifungu cha sheria kilichowanyima dhamana washtakiwa wa aina fulani ya makosa ya kutumia nguvu. Chini ya Jaji Mkuu Nyalali, Mahakama ilisema kwamba, kwa kuwa hati yetu ya haki iliwekwa mara baada ya nchi kuuridhia Mkataba wa Afrika, Mkataba huo hauna budi kuzingatiwa wakati wa kuifafanua. Kifungu kile kilibatilishwa. Lakini Mahakama ilisisitiza pia kwamba Katiba yetu inapima haki ya mtu mmoja pamoja na maslahi ya jamii.

Mizani hiyo ilionekana tena katika suala la adhabu ya kifo. Mwaka 1994 Mahakama Kuu, Dodoma, baada ya kupitia hukumu nyingi za nchi za nje, ilisema adhabu hiyo ni kinyume cha Katiba. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba ni adhabu ya kikatili na ya kumdhalilisha mtu, lakini ikaona kwamba ibara ya 30 inairuhusu jamii kuwa nayo. Miezi michache baadaye Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, ambayo ilikuwa changa sana, iliisoma hukumu yetu, ikaipima, ikaamua vingine na kuifuta adhabu hiyo nchini mwao. Basi tuache kudhani kwamba mkondo huu unatiririka kutoka Ulaya kuja kwetu tu. Nchi za Afrika zinasomana, na jaji anayesoma hukumu ya mwenzake halazimiki kuifuata. Analazimika kueleza kwa nini ameifuata au ameiacha.

Arusha nayo sasa imekuwa makao ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Mwaka 2013 mahakama hiyo iliamua, katika shauri la Mchungaji Mtikila, kwamba kumzuia raia kugombea uongozi bila kupitia chama cha siasa ni kinyume cha Mkataba wa Afrika. Mahakama yetu ya Rufani ilikuwa imesema mwaka 2010 kwamba suala hilo ni la Bunge. Tanzania ilikuwa imewaruhusu raia wake kwenda moja kwa moja katika mahakama hiyo ya Afrika tangu mwaka 2010, na mwezi Novemba, 2019, ikaiondoa ruhusa hiyo. Serikali ilikuwa na sababu zake. Lakini tukumbuke kwamba wazee wetu walipofukuzwa Engare Nanyuki walipata mahali pa kusemea nje ya mkono wa aliyewafukuza. Mwenyeji wa mahakama ya bara zima anapaswa kuwa wa mwisho kuufunga mlango wake kwa watu wa nyumbani. Maoni hayo ni yangu, nami natumaini yatajadiliwa.

Kosa langu

Ndugu Mwenyekiti, sitaki nionekane nawanyoshea wengine kidole. Katika miaka ya tisini nilikuwa mtumishi katika ofisi moja ya wilaya. Asubuhi moja alikuja mama mmoja, amefunga khanga kiunoni kama mtu aliyetoka shambani. Binti yake alikuwa na miaka kumi na mitano, amemaliza darasa la saba, na baba alikuwa amekwisha kupokea mahari. Mama aliniomba barua ya kuisimamisha ndoa ile. Nilifungua kabati, nikatoa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, nikamwonyesha kwamba msichana wa miaka kumi na mitano anaweza kuolewa kwa idhini ya baba, ilhali mvulana lazima afike kumi na minane. Nikamwambia, "Mama, sheria ndiyo hii, mimi nitafanyaje?" Alinishukuru, akaondoka.

Katika kabati lile lile, rafu ya juu, ilikuwapo Katiba. Ibara ya 13 ilikuwa imeandikwa zaidi ya miaka mitano kabla ya siku ile. Nchi ilikuwa imekwisha kuridhia mikataba ya kumlinda mtoto na mwanamke. Sikuinyosha mikono kuichukua. Sikujua kwamba ningeweza kumwelekeza kwa ustawi wa jamii, au kwa wanasheria wa msaada, au hata kumwambia tu kwamba tofauti ile ya umri inaweza kuhojiwa. Ilipofika mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu vile vinapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Niliisoma habari hiyo gazetini, na wala sikuweza kukumbuka jina la mama yule.

Tufanye nini

Kwa mantiki hiyo, yapo mambo ambayo hatuna budi kuyazingatia. La kwanza linawahusu walimu. Msiwafundishe watoto haki za binadamu kama orodha ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Wafundisheni ilikotoka, kuanzia shamba la Engare Nanyuki hadi shamba la Muleba, ili wajue kwamba ni jasho la watu wao pia. Katiba yetu ipo katika Kiswahili. Tangu mwaka 2021 sheria imekitambua Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Hakuna tena kisingizio cha kusema lugha ni ngumu.

La pili linatuhusu watumishi. Tukiambiwa kwamba jambo ni la kigeni, tusiishie hapo. Tuulize lilijadiliwa na nani kabla ya kukubaliwa, linamlinda nani, na mkulima asiye na nauli ya kwenda mjini atalifikiaje. Hati ya haki ya mwaka 1984 inajibu maswali mawili ya mwanzo vizuri. Swali la tatu bado lina upungufu, na upungufu huo uko katika madawati yetu. Kwa upande mwingine, likija pendekezo lililoandikwa nchi za nje, liwe la haki au la kuzibana haki, tulipitishe katika maswali hayo hayo bila kuogopa cheo cha aliyelileta.

Wahenga wamesema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Ni kweli. Lakini wahenga hao hao wamesema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tulikwisha kuipokea hati hii, tukaijadili, tukaipunguza na kuiongeza, na majaji wetu wameifanyia kazi kwa zaidi ya miaka thelathini. Hatuwezi kuendelea kuiita ya kuazima kila siku ya kumhudumia mnyonge inapofika. Ombi langu kwenu, mtakaporudi vituoni mwenu, ni dogo. Itoeni Katiba katika rafu ya juu, muiweke mezani, pale mwananchi anapoweza kuiona.